Herrnhut: mji uliopangwa ili watu waweze kuondoka

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tukuyu, nimelelewa katika Kanisa la Moravian. Tangu utotoni nalisikia jina la Herrnhut kwenye mahubiri na kwenye historia ya Rungwe, kituo cha kwanza cha wamisionari wa Moravian huku kwetu. Sasa niko Dresden kimasomo na nimeona kwenye ramani kwamba si mbali. Wenzangu Wajerumani wengine hata hawaujui mji huo. Ni mji wa namna gani hasa? Iliwezekanaje kijiji kama kile kikatuma watu mpaka kwetu? Na nikienda, kuna cha kuona, au nitakuta kanisa na makaburi tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo jepesi. Ndiyo, utakuta kanisa na makaburi, na hivyo hasa ndivyo vya kwenda kuona. Lakini ukifika bila kujua unatazama nini, saa moja itakutosha, na utarudi Dresden ukijiuliza wazee wa Rungwe walikuwa wanasifia nini. Herrnhut, pamoja na vijiji vilivyounganishwa nao, una watu wapatao 6,000. Uko Oberlausitz, kona ya mashariki ya jimbo la Saxony, kati ya Löbau na Zittau, jirani na pale mipaka ya Ujerumani, Poland na Cheki inapokutana. Hakuna mto mkubwa, hakuna mgodi, hakuna ngome ya kale. Kwa hiyo usiwashangae wenzako.

Swali zito ni la katikati. Watu wengi hujibu kwa neno moja, "imani", na mimi silikatai. Lakini mwaka 1732, Herrnhut ulipotuma watu wake wa kwanza, Ujerumani ilijaa miji yenye watu wa imani, na karibu yote haikutuma mtu yeyote popote. Ninavyosoma historia yake, Herrnhut ulipangwa, tangu miaka yake ya kwanza, kwa namna iliyomrahisishia mtu kuondoka. Sheria zake, nyumba zake, malezi ya watoto wake, hata namna ya kuoa, vyote vilimfungua mtu kutoka pale alipo. Hilo lilikuwa na uzuri wake na lilikuwa na ukatili wake, na nitakueleza yote mawili.

Mizizi iko Bohemia na Moravia, ambazo leo ni Jamhuri ya Cheki. Jan Hus, padre wa Bohemia aliyetaka kanisa lijirekebishe, alichomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Mwaka 1457, huko Kunvald, baadhi ya waliofuata mafundisho yake wakaunda Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoravian wa leo wametokana nalo. Baada ya majeshi ya Kikatoliki ya mfalme wa ukoo wa Habsburg kushinda vita vya Mlima Mweupe karibu na Praha mwaka 1620, kanisa hilo lilipigwa marufuku. Askofu wake maarufu, Comenius, yule mwanaelimu, alifia uhamishoni. Waliobaki waliabudu kwa siri majumbani kwa miaka mia moja, wakificha vitabu na kuwafundisha watoto nyimbo kwa sauti ya chini.

Miongoni mwa waliokuja kuwaokoa alikuwepo seremala aitwaye Christian David, mzaliwa wa Moravia aliyekuwa akivuka mpaka kwenda na kurudi. Yeye ndiye aliyezungumza na kabaila kijana wa Saxony, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, akimwomba mahali pa kuwaweka wakimbizi. Zinzendorf alikuwa na umri wa miaka 22, ndiyo kwanza amenunua shamba la Berthelsdorf kutoka kwa bibi yake, na alikuwa Dresden kwenye kazi ya serikali asiyoipenda. Tarehe 17 Juni 1722 Christian David aliangusha mti wa kwanza kando ya barabara iendayo Zittau, chini ya kilima kiitwacho Hutberg. Zinzendorf mwenyewe hakuwepo. Msimamizi wake wa shamba, Heitz, ndiye aliyewaonyesha mahali na kulipa jina.

Halafu wakagombana. Sehemu hii husahaulika katika mahubiri. Habari kwamba kuna mahali pa uhuru wa dini zilienea, na wakaja watu wa kila aina: Walutheri waliochoshwa na kanisa lao, Wakalvini, na wengine waliokuwa na unabii wao wenyewe. Ilipofika mwaka 1727 kijiji kilikuwa karibu kusambaratika. Zinzendorf akaomba likizo Dresden, akahamia pale, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akisuluhisha.

Wamoravian duniani kote huadhimisha tarehe 13 Agosti 1727, siku ya ushirika mtakatifu katika kanisa la Berthelsdorf, walipojisikia wamefanywa kuwa kitu kimoja. Hata nyumbani utakuwa umeisikia. Mimi, kama mwanahistoria, huwaambia wanafunzi wangu waitazame zaidi tarehe 12 Mei ya mwaka huohuo. Siku hiyo wakazi walitia saini kanuni za kuishi pamoja, na ndani yake Zinzendorf alitamka kwamba Herrnhut na wakazi wake wangekuwa huru milele na utumishi wa lazima kwa bwana wa shamba. Fikiri maana yake. Katika Oberlausitz mkulima wa kawaida alikuwa mali ya shamba: hakuweza kuhama wala kujifunza ufundi bila ruhusa ya bwana wake, na hali hiyo iliendelea mpaka karne ya 19. Herrnhut ukawa kisiwa cha watu wasiomilikiwa. Mtu asiyeweza kuondoka kijijini kwa bwana wake hawezi kwenda Karibea wala Nyasa, hata awe na imani ya kuhamisha milima.

Jambo la pili ni nyumba. Wenyeji hawakuishi kifamilia tu kama vijiji vingine. Waligawanywa katika makundi kwa umri, jinsia na hali ya ndoa, nao waliyaita makundi hayo kwaya, ingawa hayakuundwa kwa ajili ya kuimba. Vijana wa kiume wasiooa walikuwa na nyumba yao kubwa, wakilala, wakila na kufanya kazi pamoja. Mabinti vivyo hivyo, na wajane pia. Wanawake walivaa kofia nyeupe ya kitambaa yenye utepe, na rangi ya utepe ilikuambia mara moja nani ni nani: nyekundu kwa wasichana wadogo, waridi kwa mabinti wasioolewa, buluu kwa walioolewa, nyeupe kwa wajane. Kila kundi lilikuwa na viongozi wake. Mwaka 1730 kiongozi mkuu wa wanawake wote alikuwa Anna Nitschmann, binti wa mkimbizi, mwenye umri wa miaka 14. Katika Ulaya ya wakati ule binti maskini wa umri huo angekuwa mtumishi wa jikoni. Baadaye alisafiri mpaka Pennsylvania, na mwaka 1757 akawa mke wa pili wa Zinzendorf. Katika miaka hiyo wanawake walihubiri kwa wanawake wenzao na wengine waliwekewa mikono. Zinzendorf alipofariki mwaka 1760 wanaume waliobaki waliufunga mlango huo bila kuchelewa.

Nyumba hizo zilikuwa pia karakana. Mfinyanzi, mfumaji, mshona viatu, mwoka mikate, wote chini ya paa moja, na mapato yakienda kwenye mfuko wa nyumba. Kijana wa miaka 25 pale hakuwa na shamba la kurithi wala duka la kulinda. Akitakiwa kuondoka kesho, vifaa vyake vilitosha begani.

Na nani aliamua aondoke? Mara nyingi, kura. Vikaratasi viliwekwa kwenye chombo: kimoja "ndiyo", kimoja "hapana", mara nyingine kimoja kitupu, maana yake subirini. Waliamini Mwokozi mwenyewe ndiye anayejibu. Kura iliamua nani aende misheni, na iliulizwa pia juu ya nani aoe nani. Misheni ilipohitaji mume na mke, binti angeweza kuitwa na kuambiwa kuna ndugu Suriname anahitaji mwenzi. Kura imesema ndiyo, je, yeye anasemaje? Alikuwa na haki ya kukataa, na wapo waliokataa. Sharti hilo la kura kwa ndoa za waumini wa kawaida liliondolewa mwaka 1818, baada ya vijana wengi kulichoka.

Sasa tufike kwenye safari yenyewe. Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen kwenye kutawazwa kwa mfalme wa Denmark, na huko akakutana na mtu mweusi aitwaye Anton, mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika Karibea, aliyeletwa Ulaya na bwana wake. Anton alieleza hali ya watumwa wa kule, na ya dada yake aliyemwacha. Akaletwa mpaka Herrnhut aseme mwenyewe mbele ya watu. Kwa hiyo unaposikia kwamba misheni ya Wamoravian ilianza kwa wito wa Zinzendorf, kumbuka kwamba aliyesimama na kutoa ushuhuda uliowagusa vijana wale alikuwa mtu mwenye asili ya Afrika. Hadithi nyingi za kanisa humtaja kwa sentensi moja na kumwacha.

Tarehe 21 Agosti 1732 Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka Herrnhut kwa miguu kuelekea Copenhagen, na mwezi Desemba wakafika St. Thomas. Mpango ulikuwa wajitegemee kwa kazi za mikono. Udongo wa kisiwani haukumfaa mfinyanzi, hivyo seremala akawalisha wote wawili hadi alipoondoka kurudi. Kijiji kilikuwa na watu mia chache tu wakati huo. Mwaka uliofuata wengine walikwenda Greenland, Christian David yule wa mti wa kwanza akiwemo. Mwaka 1737 Georg Schmidt alikwenda Afrika Kusini, mahali ambapo baadaye paliitwa Genadendal. Zinzendorf alipofariki, zaidi ya watu 200 walikuwa wameshatumwa, na makaburi mengi yalikuwa yameshachimbwa, maana homa ya Karibea haikuuliza nani ni mcha Mungu.

Hapa siwezi kukupitisha haraka kama wafanyavyo waongoza watalii. Wamoravian waliokwenda kuwahubiria watumwa wa St. Thomas walinunua huko shamba, pamoja na watumwa wake. Zinzendorf alipotembelea kisiwa mwaka 1739 aliwaambia watumwa kwamba ubatizo hauwatoi mikononi mwa mabwana zao, na kwamba hali yao ilikuwa imepangwa na Mungu. Uhuru katika visiwa vile ulikuja mwaka 1848, na haukuletwa na Herrnhut. Watumwa wenyewe waliuchukua kwa kuandamana. Mtu yuleyule aliyetamka kwamba wakazi wa kijiji chake hawatamilikiwa na bwana yeyote hakuona vibaya kanisa lake kumiliki watu upande wa pili wa bahari. Sijawahi kupata maelezo yanayoliondoa doa hilo, na wataalamu waaminifu wa kanisa lenyewe leo hawajaribu kuliondoa.

Kuna sifa nyingine ya Herrnhut ambayo kwangu mimi ndiyo ya thamani kuliko zote: walikuwa waandishi wasiochoka. Kila kituo kilitakiwa kuandika shajara, na habari zilinakiliwa kwa mkono na kupelekwa kwa makutaniko mengine zikasomwe kwa sauti. Mshona viatu wa Saxony aliketi jioni akisikia habari za Labrador na Suriname. Ndiyo maana kila kizazi kipya kilikuwa tayari kuondoka. Dunia ilishaingia masikioni mwao. Zaidi ya hayo, kila muumini alitarajiwa kuacha maisha yake yameandikwa, kwa mkono wake au kwa msaada wa mwingine, yasomwe siku ya mazishi yake. Maelfu ya maisha hayo yamehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka iliyoanzishwa mwaka 1764, ambayo sasa iko Herrnhut. Fundi, mjane, mfuaji nguo: watu ambao kwingineko Ulaya hawakuacha hata jina.

Tabia hiyo ilifika kwetu. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Utengule, aliyeandika sana kuhusu Wasafwa, alikusanya pia simulizi za maisha ya wanawake waliopita katika utumwa kwenye nchi iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, na kuishia kwenye vituo vya Wamoravian. Narwimba ni mmoja, Chisi ni mwingine. Walisimulia jinsi walivyotekwa, walivyouzwa, walivyotoroka, na jinsi mwanamke asiye na ndugu alivyolazimika kujitafutia wa kumlinda. Wanahistoria wa leo wanaotaka kujua biashara ya utumwa ilimfanyaje mwanamke wa kawaida katika ukanda ule wanarudi kwenye simulizi hizo. Zimechujwa na kalamu ya mmisionari, ndiyo. Lakini zingeandikwa na nani mwingine? Maafisa wa serikali ya kikoloni waliandika habari za kodi na machifu. Mwanamke mzee aliyebatizwa juzi kuulizwa maisha yake tangu utoto ni desturi iliyotoka katika kijiji kile cha Oberlausitz.

Kuhusu safari ya kwetu, utakuwa unaijua zaidi kutoka kwa wazee, kwa hiyo nitaongeza machache. Msukumo ulikuwa wa fedha na wa siasa kwa pamoja: tajiri wa Breslau aitwaye Crakau aliacha wosia uliowezesha kazi katika Afrika Mashariki, na eneo lenyewe lilikuwa limeshawekwa chini ya bendera ya Ujerumani. Wanaume wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walipitia njia ya Zambezi na Nyasa na kuanzisha Rungwe mwaka 1891. Martin alifariki mwaka huohuo. Misheni ya Berlin ilifika karibu wakati uleule, wakagawana nchi, na mpaka huo unaweza kuuona mpaka leo ukiangalia wapi ni Moravian na wapi ni Lutheri. Mbozi kilifunguliwa mwaka 1899. Upande wa Unyamwezi walikuwa wameshachukua Urambo kutoka kwa Wamisheni wa London mwaka 1898. Mwaka 1916 Waingereza walipoingia Neu-Langenburg, yaani hapohapo kwenu Tukuyu, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na waliobaki na makanisa wakawa walimu na wainjilisti wenyeji. Kwa maoni yangu hapo ndipo Kanisa la Moravian la kusini lilipozaliwa hasa, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumwandikia barua Herrnhut kuomba maelekezo.

Hesabu imegeuka kabisa tangu siku zile. Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kutaniko la Herrnhut lenyewe ni la watu mia kadhaa. Usishangae ukiingia ibadani Jumapili ukakuta wazee wengi na nafasi nyingi. Na usishangae pia wakikupokea kama mtu wa heshima ukisema umetoka Rungwe. Kwao wewe ndiwe habari.

Niliahidi kusema juu ya ukatili. Mbali na kura ya ndoa, fikiria watoto. Wazazi waliokuwa misheni, Rungwe ikiwemo, walitakiwa kuwarudisha watoto wao Ujerumani wakifikia umri wa shule. Wengi walipelekwa shule ya Kleinwelka, karibu na Bautzen. Ukitoka Dresden kwenda Herrnhut unapita jirani. Mtoto wa miaka sita au saba aliagana na mama yake, na wengine hawakuonana tena, au walionana miaka kumi baadaye wakiwa hawana lugha moja ya kuzungumza. Mtoto aliyezaliwa Rungwe aliijua zaidi lugha ya Wanyakyusa kuliko Kijerumani. Hilo lilikuwa sehemu ya mpango uleule: mji ulibeba malezi ili wazazi wabaki mbali. Ukisoma maisha yao yaliyoandikwa, kaa hapo kidogo. Wengi wao wanaeleza majira ya mvua na ugonjwa kwa kirefu, halafu juu ya kuagana na mtoto unakuta mstari mmoja.

Sasa twende mjini. Treni ya abiria haifiki tena Herrnhut. Utashuka Löbau au Zittau, kisha basi. Shuka katikati na uangalie kwanza nyumba: kuta za rangi hafifu, madirisha yaliyopangwa kwa mstari, paa refu la mteremko mara mbili, hakuna nakshi. Sehemu kubwa ya unachokiona imejengwa upya. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 1945, vita ikiwa inakwisha, jeshi la Kisovieti lilikuwa limeingia na katikati ya mji kukaungua, kanisa likiwemo. Kanisa la sasa lilisimamishwa tena miaka ya 1950, chini ya serikali ya kikomunisti ambayo haikuwa na hamu yoyote na makanisa.

Ingia kanisani. Wao huliita ukumbi tu. Utaona weupe: kuta nyeupe, mabenchi meupe, madirisha makubwa yasiyo na vioo vya rangi. Hakuna altare wala mimbari ya juu. Kuna meza, na mhubiri huketi nyuma yake karibu usawa na watu. Ukumbi umekaa kwa upana, watu wakiwa karibu na meza. Ukizoea makanisa ya Dresden yenye dhahabu, utahisi kama hujafika bado.

Kisha panda Hutberg. Njia inapita kati ya safu za miti iliyokatwa vizuri, na kulia na kushoto kuna mawe ya makaburi yaliyolazwa chini, yote ukubwa mmoja, maelfu yake. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, kwa utaratibu wa kufariki. Mume na mke hawalazwi pamoja, tajiri halazwi mbali na fundi. Waongozaji watakuambia kwamba mbele ya kifo wote ni sawa. Wewe tazama katikati: makaburi ya Zinzendorf na jamaa zake yameinuliwa, makubwa, kwenye njia kuu. Usawa ulikuwa wa kweli, na kabaila alibaki kabaila. Ukibahatika kuwa pale alfajiri ya Pasaka utasikia matarumbeta yakipita kuamsha watu gizani, kisha wote wakipanda makaburini kulisubiri jua. Huo utaratibu hautakuwa mgeni kwako hata kidogo, maana ndio mnaoufanya nyumbani.

Kuna makumbusho ya vitu vya mataifa, yaliyoanzishwa mwaka 1878 kwa vitu vilivyoletwa na wamisionari, ambayo sasa yako chini ya makumbusho ya jimbo la Saxony yaliyoko Dresden. Vipo vya Greenland, Labrador, Suriname, na vya kwetu. Nenda, lakini nenda na swali: kila kitu kilichukuliwaje? Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilikabidhiwa na watu walioambiwa kwamba mkristo haruhusiwi kuwa navyo. Siku hizi wafanyakazi wa makumbusho hawakasirikii swali hilo.

Usikose pia karakana ya nyota. Nyota ya Herrnhut ilianza kama zoezi la jiometri katika shule ya bweni ya Niesky, mji mwingine wa Wamoravian, mwanzoni mwa karne ya 19. Ina ncha 25: 17 zina kitako cha pembe nne na 8 zina kitako cha pembetatu. Ncha ya 26 haipo kwa sababu pale ndipo taa inapoingia na kuning'inizwa. Tangu mwisho wa karne ya 19 zinatengenezwa Herrnhut kwa ajili ya biashara, na wakati wa Majilio utaziona kwenye mabaraza na makanisa ya Ujerumani nzima. Hapo ndipo wenzako wa Dresden watakaposema, kumbe, hiyo naijua. Biashara nyingine ya mji, kampuni ya Abraham Dürninger ya mwaka 1747, iliyojulikana kwa nguo za kitani, nayo ipo bado. Kijitabu cha neno la kila siku, kinachotolewa na kanisa kila mwaka bila kukosa tangu mwaka 1731, huandaliwa hapohapo: aya ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, ile kura ya zamani ambayo sasa haimwozeshi mtu yeyote.

Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza Herrnhut kwenye orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Bethlehem ya Pennsylvania na Gracehill ya Ireland Kaskazini, ikiviunganisha na Christiansfeld ya Denmark iliyokuwemo tangu 2015. Ni vizuri. Ila miji iliyotajwa ni ile ya Ulaya na Amerika tu, na mimi ningependa siku moja waje watazame Genadendal na Rungwe kwa jicho hilohilo.

Mwisho, kama una jamaa waliobatizwa kabla ya 1916, usiende bila kuandika kwanza kwenye hifadhi ya nyaraka. Waeleze unatafuta kituo gani na miaka ipi. Majina yetu yaliandikwa kwa masikio ya Wajerumani, kwa hiyo andaa tahajia tatu au nne za jina la babu yako. Anza na jarida la misheni lililopigwa chapa, kwa sababu shajara za vituo nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wenzako hawawezi kuusoma. Hifadhi ya Wamoravian ya Bethlehem huendesha kozi ya kuusoma mwandiko huo, na kuna vitabu vya mazoezi. Ukitenga nusu saa kila jioni utaanza kuona maneno. Ukilipata jina la mtu wa kwenu, nakili ukurasa mzima na si mstari mmoja, kwa sababu mara nyingi mkewe, mama yake au aliyekuwa bwana wake katika utumwa ametajwa mistari michache chini yake.